Mwaka Sakafu Iliponyamaza

Siku hizi ukimwambia mtu wa Kolwezi kwamba umeng'oa sakafu ya nyumba yako, hatakuuliza umeweka ya namna gani. Atakuuliza umekuta nini chini. Tangu watu wa mtaa wa Kasulo walipoanza kuchimba vyumbani mwao, wakilala upande mmoja wa shimo na kupika upande wa pili, sakafu kwetu imekuwa kifuniko tu cha kitu kingine. Ndiyo maana kaka yangu Saidi aliposema, tulipokwisha kusoma arobaini ya mama, kwamba zile mbao za sebuleni ziondolewe tuweke karo, vile vigae vya sakafuni, vijana wote waliokuwa wanakula walicheka. Walimwambia aseme ukweli, amesikia harufu ya kobalti. Saidi mwenyewe alicheka mpaka akapaliwa na wali. Mimi sikucheka. Wakanigeukia, kwa kuwa mimi ndiye niliyebaki na mama mle ndani hadi mwisho, wakaniuliza naonaje. Nikasema sina neno. Nilikuwa nalo, tena refu, lakini mdomo ulikataa, na hasira zangu ambazo kila mtu pale anazijua hazikunisaidia kitu. Mama mwenyewe hakupenda mtu aisifu sakafu ile. Mgeni akianza tu kusema mbao nzuri hizi, mama alikuwa anainuka kwenda kuangalia chungu, hata kama hakuna chungu motoni.

Nitalisema neno langu hapa, kwa utulivu, bila Saidi wa kunikatiza. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nyumba yetu ni ya wakati wa Wabelgiji, mjini kati, na sebule pamoja na korido yake vimeinuliwa kutoka ardhini kwa mbao zilizopigiliwa juu ya boriti. Viatu vyote viliachwa mlangoni, kwa ajili ya swala na kwa ajili ya mama, kwa hiyo mbao zilikanyagwa na nyayo tupu tangu alfajiri. Tulipita sisi wa nyumbani, wakapita madereva wa baba waliokuja kuchukua funguo za lori, wakapita wanawake waliokuja kwa mama kuchagua vitenge. Wakapita pia vijana wachimbaji, wametoka Kasai na kwingineko, vumbi jekundu hadi kwenye kope, wakiomba nafasi ya magunia yao kwenye lori. Na mbao zililia. Ule wa mlangoni ulikohoa. Ule wa mbele ya meza ulipiga kelele nyembamba. Korido nzima ilinung'unika, na mbele ya chumba cha mama palikuwa na mmoja uliolia unapokanyagwa na ukalia tena unapoachwa. Baba alikuwa anakaa kwenye kiti chake chini ya dirisha, uso umeelekea barabarani, akiwataja watu kabla hawajafungua mdomo. "Karibu, Mama Zuena. Muguu umepona?" Mama Zuena anashika kiuno, anacheka: "Tata Ramazani, we uko na macho ku mugongo?" Baba naye anacheka. Ilikuwa sifa yake mjini, kwamba mzee yule haoni shida kukuona hata akiwa amekupa kisogo.

Mimi nilikuja kujua kwa ujinga wangu wa kurudi nyumbani nimechelewa. Nilikuwa kwa rafiki yangu nasukwa nywele, adhana ya alasiri ikanikuta huko, na mama alikuwa ameshaapa kwamba nikichelewa tena atanifungia ndani. Nikapanda dirisha la pembeni, nikajiteremshia kwenye sofa, nikajinyoosha kama mtu aliyelala hapo tangu asubuhi. Mguu wangu haukugusa ubao hata mmoja. Baba akaingia. Aliyekuwa ameingia hakuwa baba ninayemjua, maana mkono wake wa kulia ulikuwa umetangulia mbele, vidole vimetawanyika, ukitafuta kiti. Akakipata, akakaa. Mama alikuwa amemwekea mezani bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo. Vidole vikatembea ukingoni mwa meza, vikafika kwenye bakuli la maji, akanawa, vikaendelea hadi kwenye sahani. Akanyofoa tonge, akalipeleka kwenye sombe, akakosa, akachovya meza. Akarudia. Kisha akainua uso, akanitazama moja kwa moja. Nilidhani ananichezea, maana tulikuwa na michezo yetu. Nikamtolea ulimi. Baba aliendelea kutafuna, akinitazama, na uso wake haukubadilika.

Nilisema, "Baba." Akaruka hadi tonge likadondoka.

"Mwamini? Umepita wapi?"

"Ku dirisha."

"Uko fasi gani?"

"Niko mbele yako, baba."

Akapangusa vidole vyake kimoja kimoja, taratibu mno, na mimi nikaanza kulia kabla hajasema chochote. Aliniambia ilianza barabarani, njia ya Dilolo, taa za lori linalokuja zikawa zinamwagika kama maziwa, ndipo akamwachia Saidi usukani akisema mgongo unamsumbua. Alikuwa amekwenda kwa daktari Lubumbashi akidanganya kwamba anakwenda kutafuta magurudumu. Daktari akamwambia kilichokufa ndani ya jicho hakifufuliwi. "Sasa ninaona paka mwangaza wa mulango tu," alisema. "Mulango ukifungwa, basi, ninasikiliza." Nikamuuliza kwa nini hamwambii mama. Akasema, "Dada yako Zaina anaolewa. Wacha nimuoze mutoto wangu kwanza. Nataka nimushike bwana yake mukono, niseme maneno yangu kama baba. Sitaki bantu baseme ni kipofu, bamulete, bamukalishe pale, bamwonyeshe mukono uko wapi. Nikimaliza kuoza, mi mwenyewe nitamwambia mama yako. Na Saidi. Kisha banipakie kama gunia, haina neno." Akataka nimuapie, machozi yakimtoka. Nikaapa. Msichana wa miaka kumi na saba ambaye baba yake analia mbele yake kwa mara ya kwanza ataapa chochote.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri, ajabu kusema. Niligeuka msaidizi wake wa siri, nikajiona mtu mkubwa. Nilimfundisha nani kanunua viatu vipya, nani kanyoa, ili aweze kuwatania. Naye akanifundisha kusikia. Nilikuwa nafumba macho nikikaa miguuni pake, naye ananong'ona: huyu ni Saidi, anakanyaga kisigino kwanza; huyu ni dada yako, anaruka ubao wa meza kwa sababu unamkera; huyu ni mchimbaji, sikia anavyosimama mlangoni, anaogopa kuchafua. Mama alijulikana kwa mwendo wa haraka, halafu kituo kidogo katikati ya korido. "Anakumbuka kitu alichosahau jikoni," baba alisema, na kweli mama aligeuka akarudi jikoni. Nilikuwa naishi katika nyumba ile tangu kuzaliwa na sikuwahi kuisikia. Nikifikiri sasa, naona kwamba katika maisha yangu yote sijawahi kukaa na mtu kwa ukaribu wa namna ile, hata mume wangu, Mungu amrehemu.

Kisha arusi ikakaribia, na mama akaitazama sakafu. Mbao za mlangoni zilikuwa zimeoza kwa maji ya mvua, na shangazi mmoja alikuwa amezamisha kisigino humo akaanguka na trei ya chai. Ilikuwa wakati wa kula, sote kwenye mkeka. "Mi siwezi kupokea bantu ba Lubumbashi mu nyumba inalia hivi," mama akasema. "Kwao beko na karo fasi yote. Bataona haya ya kukaa apa." Saidi akasema karo haikai juu ya mbao, itapasuka, labda kung'oa yote na kumwaga saruji. Zaina akasema yeye anataka saruji nyekundu ya kung'arishwa, kama kwa rafiki zake wa Kapata. Shangazi akataka lino, lile zulia la plastiki, lenye maua. Kila mtu alikuwa na sakafu yake kichwani. Baba aliwaacha waseme mpaka wakachoka, kisha akasema, "Sakafu iko muzuri. Mutengeneze zile za ku mulango, basi." Mama akamgeukia: "We unakaa paka mu kiti. Unajua nini ya sakafu?" Watu wakacheka. Mimi nilimeza tonge bila kulitafuna.

Mwisho wakakubaliana mbao zibaki ila zitengenezwe, na baba akajitolea kwenda Dilolo mwenyewe na Saidi kuchagua mpya, kwenye soko la mbao zinazovushwa kutoka Angola. Alifikiri akileta chache, zitakazotosha mlangoni tu, kazi itaishia mlangoni. Saidi aliporudi hakuwa na habari nyingine ya kusimulia. Kila aliyeingia alimweleza jinsi mzee alivyopita kati ya mbao za mulombwa bila hata kuziangalia, akizipapasa kwa kiganja na kuzigonga kwa kifundo cha kidole, akiweka sikio, akisema hii hapana, hii ndiyo. Na wauzaji wa Dilolo wakaacha kazi kuja kumtazama mjuzi huyo. "Hakuangalia hata moja!" Saidi alisema, akipiga paja. "Baba yangu ule, hapana muchezo." Baba alikaa kwenye kiti chake akitabasamu. Mbao zilikuwa nzuri kweli, nyekundu ya kahawia, na harufu yao ilijaa nyumba nzima.

Fundi aliitwa Tata Kalenga, mtu wa Kapata, mwenye kitambi na kicheko kikubwa, futi ya kupimia imening'inia shingoni. Alitembea sebuleni akiruka-ruka kila ubao, akisikiliza, akicheka. "Mama, mbao ni muzima," akasema. "Ni misumari njo imekufa. Tutangoa yote, tupige randa, tuzigeuze, tuzikazanishe moja na ingine, tutie visi, ile misumari ya kuzungusha. Hata panya akipita hautasikia." Mama alipiga makofi. Baba akasema, na mimi nilisikia jinsi alivyojitahidi kuifanya sauti iwe ya kawaida, "Tata Kalenga, utengeneze tu zile za mulango. Zingine tumezizoea." Fundi akacheka: "Tata, ukiacha zile zingine zitaendelea kulia paka vile. Bageni batafikiri nyumba inabomoka." Nikaingilia. Nikasema mi napenda zinavyolia, mwizi akiingia tutamsikia. Mama akanitazama kama niliyepungukiwa akili: "Mwizi! Mwizi ataacha nyumba za bazungu akuye kuiba masufuria yangu?" Wakacheka wote, hata Zaina ambaye nilikuwa nataka kumpiga kofi. Nilikwenda nikasimama kando ya kiti cha baba. Aliweka mkono wake juu ya mkono wangu, akaubana kwa nguvu, na nikajua ananikumbusha kiapo. Neno moja tu lingeiokoa sakafu ile, na watu wawili tulikuwa nalo. Baba akasema, "Mufanye vile munapenda."

Tulihamia uani. Sofa, kabati, magodoro na marobota ya vitenge vililundikwa chini ya turubai la lori, na tukala, tukapika, tukagombana nje mbele ya majirani. Tata Kalenga na kijana wake waling'oa mbao moja baada ya nyingine, na kila msumari ulipotoka ulitoa mlio wake wa mwisho. Chini hapakuwa na kitu cha maana: vitana, goroli, kijiko cha fedha cha wazungu waliotutangulia, viota vya panya. Unga wa mbao ulitua kwenye bukari, kwenye chai, kwenye nyusi za baba. Alikuwa hakai tena, anazunguka uani akishika kamba za kuanikia nguo, na siku moja nikatoka jikoni nikamkuta amefika mlangoni pa sebule, mguu ameshauinua, na mbele yake hapakuwa na mbao, boriti tupu na shimo la kufika kiunoni, lenye mawe. Saidi alikuwa hatua chache tu akimtazama. Nikapiga kelele, "Baba, ngoja! Kuko misumari!" Mguu ukarudi. "Niliiona," baba alisema kwa hasira, kwa sauti ya kusikika na wote. "We unafikiri sioni?" Saidi akanicheka, akasema nimeanza kumlea mzee mapema. Nilijifungia chooni hadi mama akaja kugonga.

Kazi ilipokwisha, lazima niseme haki ya Mungu, sijawahi kuona sakafu nzuri kama ile. Tata Kalenga aliisugua kwa msasa, akaipaka nta, akatuita tuingie bila viatu. Alitupanga katikati ya sebule, akasema, "Sasa muruke." Tukaruka wote pamoja, mama, shangazi, Saidi, Zaina. Hakuna kilicholia. "Mumesikia?" fundi alisema. "Mumesikia nini? Akuna!" Wakaruka tena kwa furaha kama watoto, wakishikana mikono. Baba alikuwa amesimama ukutani, kichwa ameinamisha upande mmoja, uso wake kama wa mtu aliyezimiwa redio katikati ya habari. Akapongeza kazi, akamshukuru fundi, akaenda kukaa. Alipofika, kiti hakikuwa pale. Mama alikuwa amekisogeza ili kisikwaruze nta, na baba akabaki ameushika ukuta, akijifanya anatazama nje.

Kuanzia hapo akaanza kuuliza. "Ni nani?" Mtu anapita, "Ni nani?" Mama anatoka chumbani, "Ni nani?" Mama akaanza kulalamika kwamba baba yenu amekuwa askari wa bariere barabarani, hupiti bila kuulizwa jina. Wageni walingoja kutajwa kama zamani, hawakutajwa, wakaenda zao wakifikiri mzee ana majivuno kwa sababu ya arusi ya watu wakubwa. Nilimsihi amwambie mama. Nilimsihi asubuhi, nikamsihi nikimpelekea maji ya udhu, nikamwambia hata kulia mbele ya mama nitalia, aniruhusu tu. "Arusi imekaribia, Mwamini. Usiniharibie." Nilikuwa namkasirikia sana, nalisema wazi, namkasirikia kuliko mama ambaye hakujua. Siku moja watu walipokwenda sokoni nilichukua bisibisi ya Saidi, nikapiga magoti mbele ya meza, nikatafuta wapi fundi alitia visi ili nilegeze japo ubao mmoja. Alikuwa amezifukia zote, akaziba kwa vijiti vya mbao na kupaka nta juu, huwezi kujua ziko wapi. Nikakwangua, nikakwangua, nikapata mkwaruzo mdogo tu na damu kwenye kucha. Mama akarudi akanikuta. "Unatafuta nini, mawe ya madini?" Akanipokonya bisibisi, akaupaka mkwaruzo nta kwa kidole chake, kwa upendo, kama anampaka mtoto mafuta.

Kwa hiyo tukapanga, baba na mimi, kama watu wanaopanga kuvuka mpaka bila karatasi. Nikahi ingefungwa nyumbani, wanaume sebuleni, sisi wanawake kwenye korido nyuma ya pazia jepesi la kuonea. Yusufu, bwana arusi, angeketi uso kwa uso na baba, magoti karibu kugusana, mjomba wake kushoto. Yusufu angemsalimia kwanza. Baba angeshika sauti na mahali. Shee wa msikiti wetu angesoma hotuba yake, kisha angesema mushikane mikono, na baba angenyoosha mkono mbele yake moja kwa moja. Tulifanya mazoezi uani, mimi nikiwa Yusufu. Alinyoosha mkono, akaukuta wangu, akasema, "Nimekuoza binti yangu Zaina," na sauti yake ilikuwa nzuri, nzito, haikutetemeka. Mara ile niliamini itawezekana. Hata mazoezi yale nikiyakumbuka sasa nawaza jinsi tulivyokuwa tunahangaikia kitu kidogo, umbali wa mkono mmoja.

Siku yenyewe mambo yalianza sawasawa. Watu wa Lubumbashi waliingia, wakavua viatu, wakaisifu sakafu kabla hawajasifu kitu kingine, na mama nyuma ya pazia alinibana mkono kwa furaha. Yusufu akaketi mbele ya baba, akamwamkia, akaubusu mkono wake. Baba akatabasamu akigeukia palepale sauti ilipo. Shee akaanza hotuba. Walikuwa wameleta mtu wa kamera, kijana mwenye mkanda begani, na kijana yule hakuridhika. Dirisha lilikuwa nyuma ya Yusufu na uso wake ulikuwa kivulini. Kwa kuwa Shee anasoma na watu wamenyamaza, hakusema kitu. Aliashiria kwa mkono. Wewe njoo huku, wewe nenda pale. Yusufu akainuka, mjomba wake akainuka, mtu mnene mwenye ndevu, wakapishana na kukaa, kila mmoja mahali pa mwenzake. Wanaume wawili wazima walitembea juu ya mbao zile mbele ya magoti ya baba, na sakafu haikusema chochote. Nilijua kwamba ingekuwa ya zamani, ingelia mara nne na baba angefahamu mpaka nani kaketi wapi. Nilifungua mdomo. Wanawake walikuwa wamenibana kila upande, Shee yumo katika maneno ya Mungu, na msichana hapigi kelele nyuma ya pazia katika nikahi ya dada yake. Nikakohoa. Nikakohoa tena, kwa nguvu, na shangazi akanipiga mgongoni akanipa maji.

"Tata Ramazani," Shee akasema, "mushikane mikono."

Baba alinyoosha mkono wake mbele, wima, bila kusita, kama tulivyofanya mazoezi. Yule mjomba aliutazama. Kwetu hakuna mtu anayeuacha mkono wa mzee ukielea hewani, kwa hiyo akaushika kwa heshima, kwa mikono yake miwili. Na baba, kwa ile sauti nzuri, akasema, "Yusufu, mwanangu, nimekuoza binti yangu Zaina..." Mtu mmoja akacheka. Akafuata wa pili. Walidhani mzee anatania, kama anavyojulikana, na niliomba kwa moyo wangu wote acheke na yeye, alifanye mzaha, liishe. Mjomba akanong'ona, amefadhaika, "Tata, haiko miye." Baba akauachia mkono ule, akaupeleka wa kwake kushoto, kwa aliyecheka, akakuta goti la mtu mwingine. Akaupeleka kulia, akakuta hewa. Kicheko kikakatika. Nilimwona Saidi akiangalia ule mkono, halafu macho ya baba, halafu ule mkono tena, na uso wake ukamshuka.

Shee alikuwa mtu mwema. Aliinama, akasema taratibu, ila sebule ilikuwa kimya mno kiasi kwamba tulisikia wote. "Tata, haina shida. Hata kipofu anaoza mutoto wake. Mi nitakushika mukono, nikupeleke kwake." Baba aliurudisha mkono wake, akaulaza mapajani, akaufunika kwa ule mwingine. "Saidi," alisema, "oza dada yako." Saidi akasema hapana baba. Baba akarudia, na Saidi akaja kukaa mahali pake, akamshika Yusufu mkono, akasema maneno hayo akilia. Kisha wanawake wakapiga vigelegele, kwa sababu ilikuwa ni wakati wa vigelegele. Mama hakupiga. Alikuwa ameshika pazia kwa mikono yote miwili.

"Mwamini," baba akaita, katikati ya kelele ile. "Uye unipe mukono."

Nikapita mbele ya wanaume wote wale nikampa mkono. Hakuwa amewahi kuuomba mbele ya watu. Tulitembea polepole kuelekea korido, na watu wakavuta miguu yao kutupisha. Katikati ya sebule akasimama. Akaisugua sakafu kwa unyayo wake, mbele na nyuma, mara kadhaa.

"Bote banasema iko muzuri," alisema. "Ni kweli?"

"Ni kweli, baba."

"Iko rangi gani?"

Nikamwambia ni nyekundu ya kahawia, ina mistari myeusi inayopinda, na nta inang'aa mpaka dirisha linaonekana chini yake. Alisikiliza yote. Akauliza kama zile mbao alizochagua Dilolo zinapatana na za zamani, nikasema huwezi kuzitofautisha.

"Na mama yako? Amefurahi?"

Mama alikuwa amesimama mbele yetu, karibu kiasi kwamba angeinua mkono angemgusa. Hakuwa na viatu, na baba hakujua yuko pale. Aliitazama sakafu, akamtazama baba, akaitazama tena sakafu, na mdomo wake ulikuwa wazi bila sauti.

"Amefurahi sana, baba," nikasema, nikampitisha.